Jumamosi Nne Katika Darasa la Mipangilio na Machaguo, Katwe

Darasa ninalolitathmini hapa lipo Katwe, jijini Kampala, ghorofa ya kwanza juu ya duka la vipuri na karakana ya chuma, katika chumba kimoja chenye mabenchi kumi na ubao mmoja. Hufunguliwa kila Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana, na ada yake ni shilingi 15,000 kwa siku, ambayo hulipwa mlangoni na kuandikiwa risiti. Linafundisha hisabati ya kidato cha tano na cha sita kwa Kiswahili, jambo ambalo sikulikuta kwingine mjini, na wengi wa wanafunzi wake ni vijana waliosoma shule ya msingi Kongo, Tanzania au Kenya kabla wazazi wao hawajahamia Uganda. Binti yangu ni mmoja wao. Mimi ni mtunza vitabu wa chama cha akiba na mikopo, na kwa kuwa mzazi anaruhusiwa kukaa benchi la nyuma bila malipo, nilikaa hapo Jumamosi zote nne za mada ya mipangilio na machaguo, ambayo wanafunzi wenyewe huiita pamutesheni na kombinesheni. Mada nyingine za darasa hili sikuzishuhudia, kwa hiyo sizisemei.

Nilimpeleka binti yangu pale kwa sababu moja. Shuleni alikuwa amepewa kanuni mbili, akazikariri zote mbili bila kukosea hata alama moja, lakini kila alipokutana na swali alibahatisha atumie ipi. Kikokotoo chake kina kitufe cha nPr, cha mipangilio, na kitufe cha nCr, cha machaguo, na vyote viwili humpa jibu kabla hajapepesa macho. Alichokosa ni kujua abonyeze kipi, na hilo hakuna kikokotoo kinachomwambia mtu.

Jumamosi ya kwanza mwalimu hakuandika kanuni yoyote ubaoni. Alianza na steji ya bodaboda yenye waendeshaji 12 wanaotaka kumchagua mwenyekiti, katibu na mhazini. Aliuliza mwenyekiti anaweza kuwa nani, wakajibu kwamba ni yeyote kati ya 12. Akauliza kuhusu katibu, wakajibu kwamba ni yeyote kati ya 11 waliobaki. Na mhazini, yeyote kati ya 10. Walizidisha 12 kwa 11 kwa 10 wakapata njia 1,320. Kisha akafuta vile vyeo vitatu na kusema kwamba steji ileile inataka kuwatuma watu watatu wakaiwakilishe kwenye mazishi, na kati ya hao watatu hakuna mkubwa wala mdogo. Kijana mmoja alijibu upesi kwamba ni 1,320 tena.

Mwalimu hakumwambia kuwa amekosea. Aliwaita wanafunzi watatu mbele, akawapa kadi zilizoandikwa vyeo, akawataka wabadilishane kadi hizo mpaka wamalize kila namna inayowezekana, huku darasa zima likihesabu kwa sauti. Walibadilishana mara sita. Ilipofika mara ya sita aliwanyang'anya kadi na kuuliza tunaona nini mbele yetu, na darasa likajibu kwamba tunawaona watu walewale watatu. Kwa hiyo hesabu ya 1,320 ilikuwa imelihesabu kila kundi la watu watatu mara sita, na idadi ya kweli ya makundi ni 1,320 ikigawanywa kwa 6, yaani 220. Ni baada ya hapo tu, saa ya kwanza ikiwa imekwisha, ndipo alipoandika kanuni ya mipangilio na chini yake kanuni ya machaguo, na akazungushia duara ile faktoria ya 3 inayogawanya, yaani 3 kwa 2 kwa 1, akisema kwamba hiyo ndiyo ile mibadilishano sita waliyoiona kwa macho yao.

Nimelieleza tukio hilo kwa urefu kwa sababu kwangu ndilo linalohalalisha ada. Tangu siku hiyo kila mwanafunzi hutakiwa kuandika juu ya jibu lake swali moja kabla ya kugusa kikokotoo: wakibadilishana nafasi, je, kuna kilichobadilika? Kikiwa kimebadilika, ni mpangilio. Kisipobadilika, ni chaguo. Binti yangu aliliandika swali hilo kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la ndani la daftari, na kwa majuma manne sijamwona akibahatisha.

Mifano ya mwalimu inatoka mahali ambapo wanafunzi wanaishi, na hiyo ni sifa ya pili ya darasa hili. Mwanafunzi wa kidato cha tano nchini Uganda hujitambulisha kwa kombinesheni yake, kama vile PCM kwa anayesoma fizikia, kemia na hisabati, na mwalimu aliwaonyesha kwamba neno hilo la shuleni limetumika sawasawa, kwani anayesoma fizikia, kemia na hisabati hawezi kudai kuwa anasoma kitu tofauti na anayesoma hisabati, fizikia na kemia. Alipofika kwenye mpira, alitumia ligi ya timu 16. Ukitaka kujua ni jozi ngapi za timu zinazoweza kukutana, unachagua 2 kati ya 16 na kupata 120. Lakini kwa kuwa kila jozi hucheza nyumbani na ugenini, na mechi ya nyumbani si sawa na ya ugenini, mechi za msimu ni 240. Kwa watu wanaoshabikia, tofauti ya mpangilio na chaguo haihitaji maelezo zaidi ya hayo. Aliendelea na mashindano ya CHAN ya 2024, yale ya timu za taifa za Afrika zenye wachezaji wa ligi za nyumbani, yaliyochezwa Agosti 2025 nchini Kenya, Tanzania na Uganda. Kundi la Uganda lilikuwa na timu tano, yaani Uganda, Algeria, Guinea, Niger na Afrika Kusini, na kila timu ilikutana na nyingine mara moja tu, kwa hiyo mechi za kundi zilikuwa 10, na nne kati ya hizo Uganda ilizicheza katika uwanja wa Namboole. Makundi matatu yalikuwa na timu tano tano na moja lilikuwa na timu nne. Binti yangu alinyosha mkono akasema mechi za makundi zote ni 36, yaani 10 mara 3 ukiongeza 6. Furaha niliyoipata hapo sitaificha.

Jumamosi ya pili ilihusu herufi zinazojirudia. Vitabu vingi hulipita jambo hili haraka, lakini mwalimu alilipa saa nzima. Alianza na neno MAMA, akawataka waandike kwa mkono kila mpangilio wa herufi zake nne. Wapo waliotarajia 24, kwa sababu 4 kwa 3 kwa 2 kwa 1 ni 24, lakini kwenye madaftari yalionekana sita tu: MAMA, AMAM, MAAM, AMMA, MMAA na AAMM. Kisha aliliandika jina la KAMPALA ubaoni na kuziandika zile A tatu kwa chaki za rangi tatu. Wakati rangi zipo, herufi zote saba ni tofauti na mipangilio ni 5,040. Alizifuta rangi na kuziandika A zote kwa chaki nyeupe, na mipangilio iliyokuwa ikitofautiana kwa rangi tu ikageuka kuwa kitu kimoja. Kila sita zikawa moja, na zikabaki 840. Kwa njia hiyohiyo JINJA ikatoa 60, MBALE ikatoa 120 kwa kuwa haina herufi inayojirudia, na ENTEBBE, yenye E tatu na B mbili, ikatoa 420. Ninaamini mwanafunzi aliyeiona chaki ya rangi ikifutwa hatasahau kwa nini tunagawanya.

Katika saa hiyohiyo mwalimu alisimulia habari ya al-Khalil ibn Ahmad, mwanachuoni wa lugha aliyeishi Basra katika karne ya 8, ambaye alitaka kutunga kamusi ya Kiarabu isiyoacha neno lolote nje. Alichukua herufi 28 za Kiarabu na kuhesabu kila mzizi wa neno unaoweza kuundwa kwa herufi mbili, tatu, nne au tano zisizojirudia. Mwalimu aliwaachia wanafunzi waifanye hesabu yenyewe: za herufi mbili ni 756, za tatu ni 19,656, za nne ni 491,400 na za tano ni 11,793,600, na jumla yake ni 12,305,412, ambayo ndiyo idadi inayotajwa kuwa aliifikia al-Khalil. Katika kamusi yake aliiweka pamoja mizizi yote inayotokana na kupanguliwa kwa herufi zilezile, ili msomaji aone ni ipi inayotumika na ni ipi ambayo Waarabu hawakuitumia. Sisi tunaosema kitabu, katibu na maktaba tuna mzizi mmoja kati ya hiyo, k-t-b, vinywani mwetu kila siku, na nilifurahi kuona vijana wakiduwaa kwamba hesabu ya pamutesheni ilianza kumtumikia mtu wa lugha karne nyingi kabla ya vikokotoo.

Wakati wa mapumziko vijana hucheza matatu. Kwa msomaji wa Kenya nieleze kwamba kwetu Uganda matatu ni mchezo wa karata, na lile gari la abiria sisi huliita taksi. Mwalimu alirudi na chai mkononi, akawauliza waliokuwa wakicheza: kwa karata 52, mchezaji akigawiwa saba, anaweza kushika mkono wa aina ngapi? Swali la kalamu nyekundu lilijibiwa mara moja, kwa kuwa kila mchezaji huzipanga karata zake apendavyo na bado mkono ni uleule, na kikokotoo kikatoa 133,784,560. Kisha akauliza vipi kama tungejali ni karata ipi iliyokuja kwanza na ipi ya mwisho, na jibu likawa 674,274,182,400, yaani lile la kwanza likizidishwa kwa 5,040. Kuhusu taksi, aliwaambia wahesabu njia za kuwakalisha abiria 14 katika viti 14. Jibu ni 87,178,291,200, na vikokotoo vingi vya kisayansi vyenye nafasi ya tarakimu kumi hulionyesha kwa kipeo cha kumi kwa sababu halienei kwenye kioo. Faktoria ya 13 bado inaenea. Wanafunzi walijaribu kwenda mbele zaidi mpaka vikagoma baada ya faktoria ya 69, kwa kuwa ya 70 inavuka kumi kwa kipeo cha 100, ambayo ndiyo mipaka ya mashine hizo. Mapumziko yalizidi dakika kumi na tano na hakuna aliyelalamika.

Jumamosi ya tatu ndiyo iliyokuwa nzito, na ndiyo inayonipa sifa kubwa kuliko zote na pia lawama kubwa kuliko zote.

Ilianza na watu sita wanaokula pilau kwenye sinia moja. Kwenye benchi, watu sita wana mipangilio 720, lakini sinia ni duara na haina mwanzo, na wote wakisogea nafasi moja kulia, kila mmoja bado ana jirani yuleyule mkono wa kulia na yuleyule mkono wa kushoto. Mmoja akae, wengine watano wapangwe kumzunguka, na mipangilio ni 120. Ikiwa wawili kati yao wamegombana na hawataki kukaa pamoja, wahesabu kwanza mipangilio ambayo wamekaa pamoja, ambayo ni 48, waitoe katika 120, zibaki 72. Haya yalipita kwa wepesi.

Kisha lilikuja swali la kamati. Kuna wanaume 7 na wanawake 5. Ichaguliwe kamati ya watu 4 yenye angalau mwanamke mmoja. Karibu nusu ya darasa, na mimi nikiwa pamoja nao kwenye benchi la nyuma, tulifanya hivi: tumchague kwanza mwanamke mmoja kati ya 5 ili sharti litimie, kisha tuchague watu 3 wowote kati ya 11 waliobaki, ambao ni njia 165, na 5 mara 165 ni 825. Fikra hiyo inaonekana safi kabisa. Mwalimu aliuliza tu: bila sharti lolote, kamati za watu 4 kati ya watu 12 ni ngapi? Zikapatikana 495. Kamati zenye sharti haziwezi kuzidi kamati zote. Darasa lilinyamaza, na mimi nilihisi kile ninachokihisi ofisini pale jumla ya risiti inapozidi fedha iliyopokelewa.

Mwalimu mwingine angeandika njia sahihi na kuendelea, yaani kutoa kamati zisizo na mwanamke, ambazo ni 35, katika 495 na kupata 460. Huyu hakufanya hivyo mpaka lile kosa lenyewe lilipohesabiwa. Aliwataka wagawanye kamati kwa idadi ya wanawake waliomo. Zenye mwanamke mmoja ni 175, zenye wawili ni 210, zenye watatu ni 70, na zenye wanne ni 5, jumla 460. Sasa, akasema, kamati yenye wanawake wawili inaingia katika hesabu yetu mara mbili, kwa sababu yeyote kati yao anaweza kuwa ndiye tuliyemchagua kwanza. Yenye watatu inaingia mara tatu, na yenye wanne mara nne. Darasa likajumlisha 175, 420, 210 na 20, na jumla ikawa 825 kamili. Kila kamati iliyozidi ilikuwa imejulikana ilikotoka. Nimesawazisha vitabu vya hesabu kwa miaka mingi, na ninasema kwa dhati kwamba sijawahi kuona kosa likisuluhishwa kwa uaminifu kiasi hicho ubaoni. Mtoto anayeoneshwa kwamba jibu lake baya lina maana na lina asili yake hujifunza zaidi kuliko anayepigiwa mstari mwekundu tu.

Lakini saa sita ilikuwa imekaribia, na mafundi wa chini walikuwa wamefikia kuponda mabati. Hapo ndipo mwalimu alipoharakisha swali la mwisho: wanafunzi 6 wagawanywe katika jozi tatu za kufanya mazoezi, ni njia ngapi? Aliandika 15 mara 6 mara 1, akapata 90, akafuta ubao. Jozi ya kwanza huchaguliwa kwa njia 15, ya pili kwa njia 6 na ya mwisho kwa njia moja. Hesabu yenyewe haina kosa. Hata hivyo, jozi hizo hazikuwa na majina wala namba. Nikiwa kwenye taksi ya kurudi nyumbani nilimwambia binti yangu tumchukue mwanafunzi mmoja. Anaweza kuunganishwa na yeyote kati ya wengine watano, na wanne wanaobaki wanaweza kugawanyika katika jozi mbili kwa njia tatu tu. Tano mara tatu ni 15, si 90. Zile 90 zimehesabu kila mgawanyo mara sita, kwa kuwa jozi tatu zinaweza kutajwa kwa mifuatano sita. Ni ileile steji ya bodaboda ya siku ya kwanza, na safari hii mwalimu mwenyewe ndiye aliyesahau kuuliza swali la kalamu nyekundu.

Nilimwendea Jumamosi ya nne kabla ya kipindi, nikamwonyesha karatasi niliyoorodhesha migawanyo yote 15. Aliisoma mara mbili. "Mama, ahsante," aliniambia, "90 ni ya jozi zenye majina, na mimi sikuzipa majina." Alipoingia darasani, kabla hata ya kuita majina ya wanafunzi, aliandika swali lile upya ubaoni, akawaeleza kwamba Jumamosi iliyopita alikosea, akawapa nusu saa watafute wenyewe kosa liko wapi, na alipolipata msichana mmoja wa benchi la mbele, alimpa chaki amalizie. Lawama yangu ya kuharakisha inabaki palepale, kwani wanafunzi wawili walioikosa Jumamosi ya nne wamebaki na 90 kwenye madaftari yao. Hata hivyo, sijutii kumkabidhi binti yangu kwa mtu anayelikiri kosa lake mbele ya watoto.

Lawama nyingine ni za kawaida zaidi. Karatasi ya muhtasari inayogawiwa siku ya kwanza ina kosa la chapa: inasema kwamba faktoria ya 0 ni 0. Kosa hili si dogo, kwa sababu ukitaka kuchagua watu wote 5 kati ya 5, kanuni hukutaka ugawanye kwa faktoria ya 0, na kugawanya kwa sifuri hakuna maana, ilhali kila mtu anajua kwamba njia ya kuwachukua wote ni moja tu. Faktoria ya 0 ni 1, na hata mtoto anaweza kuona hivyo akishuka ngazi: faktoria ya 4 ni 24, ukigawanya kwa 4 unapata 6, ambayo ni ya 3, ukigawanya kwa 3 unapata 2, ambayo ni ya 2, ukigawanya kwa 2 unapata 1, ambayo ni ya 1, na ukigawanya kwa 1 unapata 1 tena, ambayo ni ya 0. Mwalimu alisema vizuri kwa mdomo, lakini karatasi ndiyo inayokwenda nyumbani.

Kelele nazo ni za kweli. Katwe ni mtaa wa mafundi wa chuma, na mtu anayefungua darasa juu ya karakana anajua anachokifanya. Lakini ni vigumu kufuata hesabu yenye hatua tano wakati geti linachomelewa chini ya dirisha. Ningependa kipindi kianze saa mbili, kabla mafundi hawajashika kasi.

Lililonihangaisha zaidi ni lugha. Kiswahili cha darasa hili ni kizuri, na kimewafungulia mlango vijana ambao kwa Kiingereza walikuwa wakinyamaza. Lakini mtihani wa Baraza la Mitihani la Taifa la Uganda, UNEB, huandikwa kwa Kiingereza, na katika mada hii neno moja hubeba swali zima. Tofauti ya angalau mmoja na mmoja tu, au ya kurudisha kitu kilichotolewa na kutokirudisha, ndiyo tofauti ya jibu moja na jingine. Mwanafunzi aliyelielewa wazo kwa Kiswahili na asiyeutambua msemo wake kwenye karatasi atapoteza alama alizozistahili. Nilimwomba mwalimu atengeneze ukurasa mmoja wa misemo hiyo, Kiswahili upande mmoja na lugha ya mtihani upande wa pili, na ameahidi kuutoa muhula ujao.

Jumamosi ya nne ilimalizika kwa maswali ya mchanganyiko, na swali la mwisho lilitokana na mtihani wenyewe. Katika muundo ambao wanafunzi wa hisabati wameuzoea kwa miaka mingi, karatasi ya kwanza ina sehemu A yenye maswali 8 ya lazima na sehemu B yenye maswali 8 ambayo mtahiniwa hujibu 5. Ni kwa njia ngapi mtahiniwa anaweza kuchagua maswali yake ya sehemu B? Wote walipata 56, na kila daftari nililochungulia lilikuwa na swali la kalamu nyekundu juu ya jibu. Kisha mwalimu akauliza: na ukijali ni swali lipi utaanza nalo na lipi utamaliza nalo? Hapo jibu ni 6,720, na alitumia dakika chache kuwaeleza kwamba kwenye chumba cha mtihani mfuatano huo una uzito wake, hivyo waanze na wanaloliweza.

Mzazi ambaye mtoto wake amekariri kanuni na bado anabahatisha atapata thamani ya fedha yake hapa. Anayetafuta mazoezi mengi ya mitihani iliyopita hatayapata ya kutosha, kwa sababu mwalimu anaweza kutumia saa nzima kwa neno KAMPALA. Nami nimekwisha kulipa Jumamosi sita za muhula ujao, ambazo zitahusu nadharia ya uwezekano, na nimemwomba mwalimu kwamba kabla ya kuanza awape tena wote karatasi ya muhtasari, ikiwa na faktoria ya 0 iliyosahihishwa na zile jozi 15 zikiwa zimeorodheshwa, ili wale wawili waliokosa nao waifute 90 yao.